Elektroni zinapangwa, zinapangika, au zinajipanga?

Mwezi ujao idara yetu inapeleka kwa mchapishaji orodha ya istilahi za fizikia: Kifaransa upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia. Kumi na moja kati ya maneno ya upande wa kulia niliyatunga mimi. Ninaomba orodha hiyo isichapishwe jinsi ilivyo, na ninaanza kwa kuyashtaki maneno yangu mwenyewe, maana nimekwisha kuyaona yakijaribiwa mbele ya watu, na yakaanguka.

Ilikuwa siku ile ambayo chuo hufungulia wazazi na majirani milango. Mwenzangu wa chumba anasoma fizikia, na kazi yake ya mwisho anaiandika juu ya metali za kagome. Alipewa dakika ishirini kueleza utafiti wa siku hizi. Yeye alisema Kifaransa, mimi nikafasiri. Nilikuwa nimejitayarisha wiki mbili. Kwa "ordre de charge" nilikuwa na "mpangilio wa chaji". Kwa "phase électronique" nilikuwa na "awamu ya kielektroni". Kwa "onde de densité de charge" nilikuwa na "wimbi la msongamano wa chaji", na hilo nililitamka kwa fahari. Watu walinyamaza kwa ile heshima tunayompa kila mtu aliyeshika mikro. Tulipomaliza, mama mmoja wa safu ya pili aliinua mkono:

"Mwana yangu, hiyi mpangilio ya charge munasema, ni ya batelefone? Ni franka ngapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, mwenzangu naye akacheka. Lakini mama hakuwa anatania. Mjini kwetu umeme ukikatika, "charge" ni kitu kimoja tu: unapeleka simu kwenye kibanda chenye jenereta, unapewa namba kwenye kipande cha karatasi, unarudi jioni. Mpangilio wa chaji ni simu zilizolazwa mezani zikingoja zamu. Alinisikia vizuri kabisa. Nje, kijana mmoja akanifuata akaniuliza elektroni zinachaguliwa kwa miaka mingapi. Yeye husikiliza redio ya Tanzania, na kwake "awamu" ni serikali ya awamu ya tano, serikali ya awamu ya sita.

Usiku mwenzangu akaniuliza, bila ubaya: "Yaya, lakini wewe mwenyewe ulielewa?" Nikamjibu hapana. Nilikuwa nimetunga majina kumi na moja ya vitu ambavyo nisingeweza kuvieleza kwa mdogo wangu wa sekondari. Basi kwa miezi miwili iliyofuata alinifundisha, na haya ninayoyaandika ni matunda ya miezi hiyo.

Kwanza kagome yenyewe. Ni neno la Kijapani: "kago" ni kitunga, "me" ni jicho. Jicho la kitunga, yaani lile tundu linalobaki kati ya tepe za mwanzi zinapofumwa. Mvuvi wa Kalemie au wa ziwa Moero hatahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa sababu naye akizungumzia wavu wake anataja macho yake, macho makubwa kwa samaki wakubwa, macho madogo kwa dagaa. Mwaka 1951 Itiro Syôzi, mwanafizikia wa Osaka, alichapa makala ya hesabu juu ya sumaku zilizopangwa kwa umbo hilo, na jina la kagome lilipendekezwa na mkubwa wake, Kôdi Husimi. Hawakuita kamati. Walikuwa na mchoro mbele yao, wakakumbuka kitu cha nyumbani kinachofanana nao. Leo Mfaransa anasema kagomé, Mmarekani anasema kagome, na wote wanataja kitunga bila kujua.

Nilizunguka sokoni nikitafuta kitunga kilichofumwa hivyo. Niliona vya tepe zinazopishana njia mbili tu, wima na ulalo. Kagome inataka njia tatu. Nikakata katoni ya maziwa nikajaribu mwenyewe. Mara ya kwanza ikafumuka, mara ya pili nikapata kitu kisicho na jina, mara ya tatu ikakaa. Ninamshauri kila msomaji ajaribu, kwa kuwa vidole vitamfundisha jambo ambalo mchoro haulionyeshi haraka. Tepe zinakwenda pande tatu, lakini kila mahali zinapokutana ni mbili tu zinazovukana, kamwe si tatu. Kati yake kunabaki matundu makubwa ya pembe sita, na kuzunguka kila tundu kubwa kuna pembetatu ndogo sita. Kila makutano ni ncha ya pembetatu mbili kwa pamoja, na kila makutano yana jirani wanne.

Sasa ondoa tepe, na mahali pa kila makutano weka atomi ya vanadi. Hiyo ndiyo tabaka moja ndani ya fuwele ambazo mwenzangu anazisoma. Familia inayozungumzwa zaidi ilitangazwa mwaka 2019 na Brenden Ortiz na wenzake nchini Marekani: vanadi tatu kwa antimoni tano, pamoja na atomi moja ya potasi, au rubidi, au sesi. Ya sesi inaandikwa CsV₃Sb₅, na nitaizungumzia hiyo zaidi.

Kwa nini umbo la kitunga liwasumbue watu wa fizikia? Elektroni ndani ya metali haitembei kama punje ya mchanga; inasambaa kama wimbi, na wimbi lina kupanda na kushuka. Fikiria elektroni imeenea kwenye makutano sita yanayozunguka tundu kubwa, na alama zake zinapishana: juu, chini, juu, chini, juu, chini. Ili itoke nje, ni lazima ipitie ncha ya mojawapo ya pembetatu za pembeni. Lakini kila ncha ya nje inapakana na makutano mawili ya tundu, moja la juu na moja la chini. Linalofika kutoka huku na linalofika kutoka kule yanafutana. Milango sita, na kila mlango umefungwa na wimbi lenyewe. Elektroni imekwama bila ukuta wowote. Hesabu hiyo niliifanya kwa kalamu juu ya katoni yangu, nikairudia, na nakiri kwamba ilinifurahisha kuliko insha nyingi nilizosomeshwa.

Si elektroni zote zinazokwama hivyo. Nyingine zinakwenda mbio sana, na nyingine zimerundikana kwa wingi kwenye nishati moja, karibu na ile inayoamua tabia ya metali. Rundo hilo la mwisho ndilo lenye hatari. Elektroni nyingi zikiwa na nishati moja, sababu ndogo tu inatosha kuzifanya zibadili mwenendo kwa pamoja.

Na zinabadilika kweli. Ukiipoza CsV₃Sb₅ hadi kelvini 94, yaani nyuzi kama 179 chini ya sifuri, elektroni zinaacha kuenea sawasawa. Zinakuwa nzito mahali hapa, nyepesi mahali pale, kwa mchoro unaojirudia kila baada ya hatua mbili badala ya moja. Atomi za vanadi nazo zinasogea kidogo sana, zikichora umbo kama nyota au kinyume cha nyota. Kwa ile ya potasi jambo hilo linatokea kwenye kelvini 78, kwa ile ya rubidi karibu na 103. Hiyo ndiyo "ordre de charge". Hiyo ndiyo niliyoiita mpangilio wa chaji. Ukizidi kuipoza ile ya sesi hadi kelvini 2.5, inaanza kupitisha umeme bila ukinzani hata kidogo, na mchoro ule haujaondoka. Hali mbili zinakaa nyumba moja, na bado kuna mabishano jinsi zinavyogawana nafasi.

Nimesema "hali". Barafu, maji, mvuke: kila mtu mjini anajua kwamba ni kitu kilekile katika hali tatu, na kwamba kitu hakipiti hali moja kwenda nyingine kwa kupigiwa kura. Neno lilikuwepo nyumbani tangu mwanzo, nami nikaenda kuazima "awamu" kwa sababu lilifanana zaidi na istilahi. Tufute "awamu". Hilo halina ugumu.

Ugumu uko kwenye "mpangilio", na hapo ndipo ninapotaka wenzangu wa idara wanisikilize, hata wale waliochoka na habari za fizikia.

Tunajua sote darasani viambishi vya kitenzi. Ukisema viti vimepangwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Mtendaji yupo hata kama hakutajwa. Ukisema mambo yamepangika, hakuna anayeuliza. Mambo yako sawa, basi. Ukisema wanafunzi wamejipanga, umesema kwamba hapakuwa na msimamizi, wao wenyewe ndio waliopanga na waliopangwa. Kiswahili kinakulazimisha uchague kabla hujamaliza neno. Jina "mpangilio" linakuruhusu usichague. "Ordre" la Kifaransa ni hivyohivyo: mwenzangu alilitumia mwaka mzima katika kazi yake bila kuulizwa nani anampanga nani.

Nilipoanza kumwandikia upya maelezo yake kwa sentensi badala ya orodha, nilikwama kwenye sentensi ya nne. Niliandika: "Kwenye kelvini 94 elektroni zinapangwa." Akasoma, akasema: "Na nani?" Nikabadilisha: "zinajipanga". Akatikisa kichwa: "Hapo umechukua upande." Nilidhani ananitania. Kumbe ndilo swali ambalo watu wa metali hizo wanagombania.

Wako wanaosema elektroni ndizo zinazoanza. Lile rundo nililolitaja lina vikundi vitatu, na ukipima umbali kati ya kikundi na kikundi, katika ile ramani wanayotumia kwa mawimbi, unalingana kabisa na mchoro wa hatua mbili. Haiwezi kuwa bahati, wanasema; elektroni zinavutana zenyewe, na atomi zinafuata tu. Kwao, zinajipanga. Wengine wanajibu kwamba fuwele nayo ina mitetemo yake, na mtetemo mmoja ukilegea, atomi zinahama na kuziburuta elektroni. Kwao, zinapangwa, na mpangaji anajulikana. Mwaka 2022 ilitangazwa metali nyingine yenye tabaka za kagome za vanadi, ScV₆Sn₆, yenye skandi na bati. Nayo ina mchoro wake, unaoanza kwenye kelvini 92, karibu sawa na ile ya sesi. Lakini mchoro huo unajirudia kwa hatua nyingine, na atomi zinazosogea zaidi ni za skandi na za bati, wima, huku vanadi za kwenye kitunga zikitikisika kidogo tu. Hapo walio wengi wanaelekea kusema fuwele ndiyo inayosukuma. Kitunga kilekile, jina lilelile la "ordre de charge", na huenda kitenzi si kimoja.

Iko na ya tatu, FeGe, ya chuma na germani, ambayo inanitia kizunguzungu. Yenyewe ni sumaku iliyojipanga (au iliyopangika, nisahihishwe) hata kwenye joto linalozidi la maji yanayochemka, kisha mchoro wa chaji unaingia baadaye sana, karibu na kelvini 100, na ukiingia nguvu ya usumaku inaongezeka. Nani anampanga nani hapo? Sitaingia.

Basi orodha yetu ikichapisha "ordre de charge: mpangilio wa chaji", haitakuwa imekosea. Itakuwa imelizika swali. Ninakubali kwamba wakati mwingine jina lisilo na upande lina faida. Watu wanaogombana wanahitaji neno moja la kuwakutanisha mezani, na "mpangilio" linaweza kufanya kazi hiyo. Lakini mwanafunzi wetu atakayeisoma orodha peke yake, bila sentensi, hatajua kwamba palikuwa na ugomvi. Atalikariri, kama mimi nilivyolikariri, na mama wa safu ya pili atamuuliza ni franka ngapi.

Nichukue mfano mwingine kati ya maneno yangu, "ukiralia", kutoka "chiralité". Nimeona haya hata kuliandika hapa. Mwaka 2021 watafiti waliichungulia KV₃Sb₅ kwa darubini ya sindano, ile inayopapasa uso wa fuwele atomi kwa atomi. Mchoro una pande tatu, kama tepe za kitunga, na wakaona pande hizo hazina nguvu sawa: mmoja una nguvu zaidi, mwingine kiasi, mwingine dhaifu. Ukizihesabu kutoka wenye nguvu kwenda dhaifu, unazunguka ama kulia ama kushoto. Tena wakasema uga wa sumaku unaweza kuugeuza mzunguko huo. Kulia au kushoto: hiyo ndiyo "chiralité", na kila mtoto anayejua mkono wa kulia ameshaielewa. Watafiti wengine wakaitazama metali hiyohiyo kwa darubini ya aina hiyohiyo: pande hazikuwa sawa, ndiyo, lakini sumaku haikugeuza kitu. Ugomvi huo "ukiralia" haiwezi kuubeba. Sentensi mbili za Kiswahili cha kawaida zimeubeba hivi punde.

Na uko mzito zaidi. Metali hizi hazina sumaku za kawaida ndani yake. Vanadi humo haishiki usumaku. Hata hivyo mwaka 2022 kikundi kilichofanya kazi kwenye taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi kilipiga muoni, chembe ndogo zinazohisi sumaku dhaifu mno, ndani ya KV₃Sb₅, na zikahisi kitu kinachoanza pamoja na mchoro wa chaji. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba umeme kidogo unazunguka bila kukoma kwenye njia za kitunga, huku kulia, kule kushoto. Kama ni kweli, ukipiga filamu ya hali hiyo ukairudisha nyuma, hutaona kitu kilekile: mizunguko yote itakuwa imegeuka. Ndiyo maana wanasema hali hiyo inavunja ulinganifu wa wakati. Nilipolifasiri hilo siku ile mbele ya watu, nilisema "uvunjaji wa ulinganifu wa urejesho wa wakati", na nadhani palepale nilimpoteza hata mwenzangu.

Wengine wakatafuta dalili hiyohiyo kwa mwanga. Mwanga ukigonga uso wa kitu chenye mizunguko hiyo na kurudi, unapaswa kurudi umegeuka kidogo. Maabara moja iliripoti kwamba unageuka. Mwaka 2023 maabara ya Stanford, yenye kifaa cha kupima mageuko madogo kupita kiasi, haikuona mageuko yoyote. Kisha 2024 Chunyu Guo na wenzake wakaonyesha jambo ambalo lingetutuliza sote: fuwele ya CsV₃Sb₅ iliyoachwa huru, isiyovutwa na kitu ilichogandishwa juu yake, inapitisha umeme sawasawa kila upande, ukiivuta kidogo au ukiiweka kwenye uga wa sumaku, usawa unavunjika. Yaani fuwele hiyo imekaa ukingoni, na kila maabara iliyoishika kwa mkono wake iliisukuma kidogo upande wake. Sehemu ya ubishi huenda ilitoka kwenye gundi.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimekwisha kulipewa kwenye mlango wa ofisi. Kwamba kila lugha ya sayansi ilianza na orodha. Kwamba Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990, na sisi wa Kongo bado tunasuasua. Kwamba mwanafunzi wa lugha si mwanafizikia. La kwanza sikubaliani nalo. Kagome ilianza na kitunga. La pili ni kweli, na kamusi ile nimeitumia, mna maneno mazuri ndani yake, "ukinzani" na "fuwele" yananisaidia hata katika makala hii. Lakini sekondari za Tanzania ziliendelea kufundisha fizikia kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yale yalikosa darasa la kuishi. Hapa kwetu sekondari na chuo ni Kifaransa. Tukichapa orodha ya pili, itakwenda kukaa kando ya ile ya kwanza. La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu ni ukweli, na kwa sababu tumelifanya kuwa kinga. Hatujui fizikia, kwa hiyo tunatunga maneno ya fizikia. Ni kama mtu asiyeingia jikoni akapewa kazi ya kuvipa vyakula majina.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo mwenzangu alinionyesha na ambalo sikulitarajia. Mwaka 2023 yalichapwa majaribio juu ya CsV₃Sb₅ ambayo ndani yake atomi kama 14 kati ya kila 100 za vanadi ziliondolewa, zikawekwa za tantali. Mchoro wa chaji ukatoweka kabisa, na fuwele ikaanza kupitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini 5.2, zaidi ya mara mbili ya mwanzo. Tantali ni ile inayotolewa ndani ya koltani, ile inayochimbwa Rubaya, kule Masisi. Juu ya koltani Kiswahili chetu kina maneno tele: ya kuchimba, kuosha, kupima kilo, kupanga bei, kulipisha njiani, kuzika aliyeangukiwa na shimo. Maneno hayo hakuyatunga mtu ofisini, yametoka kwa watu waliokuwa na kazi mikononi. Sentensi ya kusema chuma hicho kinafanya nini kinapoingia mahali pa vanadi, na kwa nini mchoro unakimbia, ndiyo ambayo hatuna. Nimeiandika hapo juu. Haikuhitaji istilahi mpya hata moja.

Ninachopendekeza ni hiki, na ni kidogo. Orodha isimamishwe kwa mwaka mmoja. Kila neno lililomo lirudishwe kwa aliyelitunga, naye aandike kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza kitu chenyewe, akikaa na mtu wa Fakulte ya Sayansi. Kurasa hizo zisomwe kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakusoma fizikia, na maswali yake yaandikwe pembeni. Maneno yatakayobaki baada ya hapo ndiyo yapangwe kwa alfabeti, ikiwa bado kuna atakayetamani alfabeti. Zoezi hili tunaweza kulifanya kama kazi za mwisho za mwaka wa tatu, ambazo sasa hivi nyingi ni orodha vilevile. Gharama yake ni karatasi na uvumilivu wa watu wa sayansi, na wao, nimewaona, wana hamu kuliko tunavyodhani. Mwenzangu anasema kwamba tangu nianze kumuuliza "na nani?" amebadilisha sura nzima ya kazi yake.

Kwa upande wangu, maneno yangu kumi na moja nimeyaondoa. Barua nimeipeleka. "Kagome" nimeiacha ilivyo, ila mara ya kwanza inapotokea ninaandika "jicho la kitunga" kando yake. Mahali pake nimetoa kurasa mbili juu ya CsV₃Sb₅, na nilizisoma kwenye kibanda cha kuchajia simu karibu na kituo cha mabasi, kwa ruhusa ya mwenye kibanda, jenereta ikinguruma. Yule mama wa safu ya pili hakuwepo. Walikuwepo watu wanne waliokuwa wakingoja simu zao. Mmoja aliuliza ule umeme unaozunguka bila kukoma kwenye kitunga unalipiwa na nani, swali ambalo mwenzangu alilijibu kwa robo saa huku akichora kwenye vumbi. Mwingine aliuliza kwa nini wasiivute ile fuwele kwa makusudi ili waone. Tukamwambia wameshafanya.

Kurasa zenyewe mwenzangu amezisahihisha. Mahali pawili nilipoandika "zinajipanga" amekata na kuandika "zinapangika". Mahali pa tatu ameacha ya kwangu, kisha akaweka alama ya kuuliza kwa penseli, kisha akaifuta. Mpaka jana usiku tulikuwa bado tunabishana juu ya hiyo ya tatu.